Maharage ya Umeme

Mume wangu ni fundi wa injini za boti, na fundi wa injini akitazama kitu chochote huona tangi la mafuta. Ukimwambia umechoka, atakuuliza umetembea wapi tangu asubuhi. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka soko la Mwanga, mjini, na paneli ya sola, betri iliyowatoa jasho wabebaji wawili, na kijisanduku chenye kioo cha tarakimu, nilijua nimepata taa na nilijua nimepata tabu, vyote katika boti moja.

Kijiji chetu, Mwamgongo, kimebanwa kati ya mlima na ziwa, na wakati huo nguzo za umeme tulikuwa tukiziona tukienda mjini. Wachache waliokuwa na sola walikwisha kuzika betri zao. Walizikausha kwa mpira wa miguu na muziki hadi siku moja zikagoma kuamka. Mume wangu aliapa kwamba yake haitakufa kifo hicho. Kila kifaa cha nyumba kingepimwa, kijulikane kinakula nini, na kila mtu angejua mgao wake. Nilimwambia watu wa mjini wanalia na mgao wa umeme, yeye ameufuata hukohuko na kuulipia nauli. Hakucheka, maana mambo ya betri hayakuwahi kumchekesha.

Alianza na taa ya sebuleni. Alizima vyote, akaiwasha hiyo peke yake, akaketi kwenye kigoda mbele ya kioo akizitazama tarakimu zikishuka. Nilimpelekea chai, ikapoa mkononi mwake. Kesho yake ikawa zamu ya redio, kesho kutwa runinga ndogo, kisha mashine ya kunyolea nywele, ambayo aliiacha ikinguruma hewani bila kichwa cha mtu. Redio aliipima mara mbili, kwa sauti ya chini na kwa sauti ya juu, akanitangazia kwamba muziki wa dansi unakula kuliko taarifa ya habari.

"Na matangazo ya vifo je?" nikamuuliza.

"Hayo yanasomwa polepole," akanijibu bila kutikisa hata sharubu. "Hayali sana."

Shida ilikuwa kwamba tarakimu zile alizielewa yeye tu. Mimi na watoto tulimwitikia, akitupa mgongo tunawasha. Ndipo akabuni maharage. Alikusanya makopo matupu, akayapaka kila moja rangi ya boti iliyobaki kazini kwake, la redio bluu, la runinga jekundu, la taa jeupe, na kadhalika, akayapanga kwenye ubao sebuleni. Kila asubuhi aliangalia kioo, akaangalia anga, kisha akagawa maharage kopo kwa kopo. Ukitumia kifaa kwa muda wa kuchemsha maji na kusonga ugali, unatoa harage moja, unalitia ndooni. Kopo likiwa tupu, kifaa kimelala hadi kesho. Watoto walielewa upesi kuliko alivyotaka, wakaanza kuongeza maharage ya jikoni katika kopo la runinga. Baba yao aliwakamata kwa sababu yeye alitumia ya njano ya Kalinzi tu, na mle ndani mlikuwa na mawili mekundu. Nilikunja uso kama mama anavyotakiwa, lakini moyoni niliwapongeza.

Basi ni katika nyumba ya namna hiyo mama yangu alikuja kuishi.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu wakifuata ufuko. Mama alizaliwa upande huu akaolewa upande ule, akazeekea huko. Kwa majuma mengi sikujua kama yu hai. Halafu siku moja nikiwa naanika dagaa nikamwona anakuja kwenye mchanga, mfuko kichwani, kitenge kimoja kiunoni na kingine mabegani, akinikaripia kutoka mbali kwamba nimeanika dagaa wangu juu ya mawe machafu. Nililia hadi nikamlowesha bega. Dada yake na majirani zake walikuwa wamekwisha kupelekwa kambi ya wakimbizi. Yeye alisema atapumzika kwangu kidogo, kisha awafuate.

Sasa, kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai sebule moja. Hawapeani mkono, hawaangaliani usoni, hawali pamoja, na chumba anacholala mama mkwe ni mwiko kwa mkwe wake hata kuchungulia. Mama mkwe kuishi nyumbani kwa mkwe wake kabisa ni aibu yenyewe. Mama aliijua aibu hiyo vizuri, akaitundika pamoja na mfuko wake kwenye msumari, mfuko ambao hakuufungua. Siku ya kwanza tu, tukiwa jikoni, alinishika mkono.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, kwa Kirundi chake kilichochanganyika na Kiswahili, "siku nitakayosikia katika nyumba hii kwamba nimekula sana, au nimekaa sana, napanda boti nawafuata wenzangu. Sitangoja kuambiwa mara ya pili."

Nilimjua. Hakuwa mtu wa kutisha bure. Na mimi nilikuwa nimemrudisha mama yangu kutoka kwa wafu, nikawa naye jikoni akinikosoa ninavyosonga ugali, na sikuwa tayari kumwachia mtu yeyote, iwe kambi au mume. Nilimwambia mume wangu maneno yale kama yalivyo. Akaitikia kwa kichwa. Alimpa mama chumba cha watoto, watoto akawahamishia sebuleni, na kuanzia siku hiyo mlango wa chumba kile ukawa mpaka.

Kwa heshima yake, alikuwa akizungumza na mama kupitia vitu. Alisimama ukumbini, akautazama mlango, akasema kwa sauti: "Mlango, mwambie mama samaki wa kuhe wamekuja wazuri leo." Na kutoka ndani mama akajibu: "Mlango, mwambie mkwe wangu Mungu ambariki, ila kuhe asikatwe kichwa, ndicho ninachokula." Siku nyingine alizungumza na jiko, siku nyingine na kuku. Watoto walikuwa wakijificha nyuma ya nyumba kucheka. Mimi nilichekea kwenye kanga.

Umeme ulianza kuisha mapema kama juma moja baada ya mama kufika.

Niseme wazi ulikokuwa ukienda, maana mimi ndiye niliyekuwa naupeleka. Wageni waliokuwa wakisubiri pale ufukoni kupelekwa mjini na baadaye kambini, wengi wao walikuwa na simu, na simu zote zilikuwa zimekufa njiani. Mama alikutana na mwanamke mmoja wa kwao aliyebeba simu yake kifuani, ndani yake ikiwa namba ya watoto wake aliopotezana nao, na hakuikumbuka kwa kichwa. Mama akaichukua, akaja nayo chumbani, akaichomeka kwenye soketi ambayo mume wangu mwenyewe aliifunga enzi za watoto. Jioni mwanamke yule akawasikia watoto wake. Alipiga kigelegele, akaanguka chini, akaamka akapiga kingine.

Kesho yake simu zikawa nyingi. Nilinunua waya wa matundu mengi, nikawa nazipitisha simu katika beseni, chini ya dagaa, mbele ya mume wangu anayenisalimia. Mama alizifunga kila moja uzi wa rangi yake ili ajue mwenyewe ni nani, akazilaza kwenye mkeka chini ya kitanda, chaja zikiwa zimechomekwa. "Zinanyonya," alikuwa akiniambia, na kuniwekea kidole mdomoni nisizisumbue. Chumba hicho ndicho mahali pekee duniani ambapo mume wangu asingeweza kukagua. Hata ningepewa mwaka mzima wa kufikiri nisingepata maficho bora kuliko hayo.

Lakini nilikuwa nimekaa pabaya. Mume sikuweza kumwambia umeme unakoenda. Mama sikuweza kumwambia kwamba umeme una mwisho, kwa sababu neno "mwisho" angelisikia kama "toka". Yeye alijua jua ni la Mungu na linawaka kila siku, basi. Kwa hiyo nilidanganya pande zote mbili kwa moyo mkunjufu.

Mume wangu alipoona tarakimu zinaanguka kabla ya magharibi, alikaribia kuugua. Alisema ni vumbi kwenye paneli. Nikamuunga mkono, nikamshikia ngazi. Aliosha paneli mpaka kunguru wakawa wanakuja kujitazama humo. Alisema ni mawingu. Nikakubali kwamba mawingu ya mwaka huo yalikuwa mabaya sana. Aliipunguzia redio maharage, akaifungia mashine ya kunyolea sandukuni, watoto wakaanza kwenda shule na vichwa vyenye vichaka. Inveta, kile kijisanduku chenye kioo, ikawa inapiga kelele ya kuishiwa nguvu tukiwa bado tunakula, naye anaacha tonge hewani, anageuka kuitazama kwa uchungu. Nilimhurumia, kweli nilimhurumia. Halafu kesho yake nikapitisha beseni.

Hakumshuku mama hata mara moja. Hilo namsifu. Lakini kichwa chake cha ufundi kilimwambia hesabu haiwezi kukamilika ikiwa chumba kimoja hakina kopo. Mimi ningekuwapo ningemkamata mkono. Nilikuwa nimekwenda Mwanga kuuza dagaa, nikalala kwa shoga yangu, na katika siku hiyo moja mume wangu alifanya kitu ambacho alidhani ni cha adabu kabisa. Alichukua kopo zuri kuliko yote, la maziwa ya unga, lenye mfuniko. Akalisugua likang'aa, akalipaka rangi ya kijani. Akalitia maharage machache, kwa sababu chumba cha mama kilikuwa na taa moja tu, na taa hiyo haili sana. Kisha, akiwa ameugeuza uso wake ukutani, akaliweka sakafuni nje ya mlango wa mama mkwe wake.

Niliyasikia yote baadaye kutoka kwa mama mwenyewe, na ninayasimulia kama alivyoyaona yeye. Alifungua mlango asubuhi akakuta kopo. Akafungua mfuniko akakuta maharage, kiganja kisichojaa. Dada yake alikuwa amekwisha kumwambia kwenye simu jinsi kambini wanavyopimiwa maharage kwa kopo, kila nyumba na kopo lake, kulingana na vichwa. Mama alikaa kitandani akalitazama. Mkwe wake alipokwenda ufukoni na watoto shuleni, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: aliingia sebuleni. Akaona ubao mzima wa makopo, kila moja na maharage yake, na rangi zake. Akalinganisha. Lake ndilo lilikuwa na machache kuliko yote.

Mwanamke mwingine angelia. Mama yangu aliwasha moto. Alimimina makopo yote kwenye sufuria moja, bluu, jekundu, jeupe, kijani, akaongeza ndoo ya yale yaliyokwisha kutumika, akachemsha, akaunga kwa mawese na vitunguu na pilipili moja nzima. Alasiri akapakua kwenye bakuli kubwa la wageni, akalifunika kwa kitambaa, akamtuma mjukuu wake: "Mpelekee baba yako. Mwambie ni kutoka kwa mama, wala hakuna kilichobaki."

Nilishuka kwenye boti muda huohuo. Nilimkuta mume wangu sebuleni anakomba bakuli kwa kipande cha ugali, paji la uso linang'aa.

"Mama yako," alininong'oneza, "anajua kupika maharage. Sijawahi kula maharage ya namna hii. Nilikuwa nakuambia wewe huyaivishi."

Akanawa mikono, akawasha redio asikilize taarifa ya habari, na kwa sababu alikuwa mtu wa kanuni zake mwenyewe, akanyoosha mkono kwenye kopo la bluu kutoa harage. Mkono ukaenda hadi chini ya kopo ukazungukazunguka. Akachungulia. Akachungulia la pili, la tatu. Kisha akalitazama bakuli. Nimewahi kumwona mtu aliyeambiwa injini yake imezama ziwani, lakini uso ule niliuona siku hiyo tu.

"Nimekula umeme," alisema.

Ningecheka mpaka nianguke, na nilikuwa nimeshaanza, nilipopita jikoni nikamwona mama. Mfuko haukuwa tena kwenye msumari. Ulikuwa miguuni pake, umefungwa kamba.

"Boti la asubuhi," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Huko kambini wanahesabu watu kwa sababu hawawajui. Hapa ananijua. Akaniwekea kopo, mwana wanje. Na lenye machache."

"Mama, hayo maharage si chakula. Ni umeme."

"Umeme wa maharage?"

"Ego, ndiyo, mama. Anahesabia umeme. La bluu ni redio..."

"Oya, hapana. Nimeona mengi mwaka huu," alisema, "lakini umeme wa maharage sijauona. Usinifanye mtoto."

Nilieleza tena, na kila nilivyoeleza ukweli ulizidi kufanana na uongo wa mtu asiyejua kudanganya. Mimi, niliyedanganya majuma mazima bila kukwama, nilishindwa kusema jambo moja la kweli likaaminika. Nikalia. Mama akanifuta machozi kwa kitenge chake, akaendelea kukaza kamba ya mfuko.

Mume wangu alikuwa amesimama ukumbini, amesikia yote. Hakuweza kuingia jikoni alimokuwa mama mkwe. Hakuweza kumwita. Akakohoa, akarudi sebuleni, akaiinamia betri na kusema kwa sauti iliyofika jikoni: "Betri, mwambie mama kwamba mimi sikumpimia chakula. Mwambie mimi ni mjinga wa mambo ya watu, najua mashine tu."

Mama akaliangalia jiko. "Jiko," alisema, "mwambie mkwe wangu ameoa mwanangu vizuri, sina neno naye."

Nilipata tumaini. Betri ilikuwa inavuta pumzi ya kujibu, ndipo simu ikaita chumbani kwa mama. Kabla haijanyamaza ikaita ya pili, wimbo wa kwaya. Kisha ya tatu, ngoma. Wenyewe walikuwa wakizitafuta simu zao kwa kuazima nyingine, maana boti la kesho lilikuwa lao pia. Chumba kizima chini ya kitanda kikawa kinaimba na kutetemeka kwenye mkeka, na inveta ya sebuleni, ikiwa imekaukiwa, ikaanza kupiga kelele zake za kuomba msaada.

Mume wangu alinyanyua kichwa. Akautazama mlango wa mpaka. Akaitazama inveta. Akanitazama mimi, kisha beseni langu la dagaa, na nikaona hesabu ya majuma yote ikimjia usoni, tarakimu kwa tarakimu. Akafungua mdomo. Mimi nilisimama mbele yake nikamtazama, na aliniona nilivyokuwa naogopa. Neno moja tu lingetosha. Mama alikuwa hatua chache, kamba mkononi.

Mdomo ukafunga. Aliipapasa betri.

"Pole," aliiambia, akazima taa.

Asubuhi tulimsindikiza mama, mimi na watoto, nikiwa nimembebea mfuko kwa sababu hakunipa njia ya kukataa. Ufukoni boti lilikuwa limejaa wenzake wa Burundi. Mama alipita akigawa simu, uzi mwekundu kwa huyu, uzi wa manjano kwa yule, nao wakimshika mikono yote miwili. Kisha akapandishwa, akaketi katikati, akatazama mbele. Nilisimama kwenye maji nimeshika ubavu wa boti. Sikuwa na ujanja uliobaki hata mmoja.

Mwenye boti akavuta kamba ya injini. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena, ikanyamaza zaidi. Alivuta mpaka shati likamganda mgongoni, abiria wakaanza kumshauri, na mwishowe akapiga kelele fundi aitwe.

Fundi hakuwa mbali. Alikuwa amesimama nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, amevaa shati lake jeupe la Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Aliingia majini na shati lake, akafika kwenye injini iliyokuwa nyuma ya boti, akaifunua kifuniko, akapuliza, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Mimi nilikuwa karibu. Kwenye mfuko wa lile shati jeupe palikuwa na doa la oili, duara, linakua, na ndani yake kitu kidogo kigumu kimetuna. Nimeishi na fundi miaka mingi, najua plagi ya injini inavyotuna mfukoni. Niliuma ulimi wangu.

"Injini," alisema mume wangu, na boti zima likanyamaza kumsikiliza. "Mwambie mama makopo nimeyapeleka jalalani. Hayatarudi."

Mama hakugeuka. "Injini," alisema, akiangalia mbele, "mwambie mkwe wangu asante. Mwambie pia jana niliisikia mashine yake ikilia, nikaelewa umeme wake niliumaliza mimi, kwa simu za watu hawa wote. Sasa anajua. Aniache niende."

"Injini, mwambie mama jana nilizisikia zikiita." Alimeza mate. "Mwambie betri ikifa, ife."

Hakuna aliyecheka, ila mimi nilishika mdomo, kwa sababu nilijua maneno hayo yalimtoka kwenye mfupa. Mama alianza kuchezea ncha ya kitenge chake.

"Injini," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sasa, "mwambie mwanamke mzima haendi kuzeekea kwa mkwe wake. Watu watasema nini?"

Mume wangu alifunga kifuniko cha injini. Alizunguka boti, maji yakimfika kiunoni, akaja upande aliokaa mama. Akanyanyua uso akamtazama, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu anioe.

"Mama," alisema. "Shuka."

Wanawake waliokuwa ndani ya boti walishika vinywa. Mama alijifunika uso kwa kitenge, mzima mzima, na mabega yake yakatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Kisha akasimama.

"Mwambieni asiniangalie," alisema kutoka ndani ya kitenge. "Nitashuka vibaya."

Mume wangu akaugeukia mlima papo hapo. Lakini boti lilikuwa likiyumba, mama alikuwa mzee, na mkwe wake hakuweza kumpa mkono. Nilimwona mume wangu akitafuta kwa macho, huku amempa mgongo. Akachukua kasia lililokuwa likielea kando ya boti, akalishika kwa mikono miwili upande mmoja, akalinyoosha nyuma yake bila kugeuza shingo, akalikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mama alilitazama kasia lile. Akalishika upande wa pili, akaliegemea kwa uzito wake wote, akashuka majini polepole, sketi na vitenge vikielea kumzunguka.

Aliponifikia, alinikabidhi mfuko wake uliolowa, akaniinamia sikioni.

"Mwana wanje," alisema, "mwambie mkwe wangu akitoe hicho kilichomo mfukoni akirudishe. Wenzangu wanachelewa."